Anayedaiwa zaidi gengeni kwangu ni somo yangu

Shangazi, shikamoo.

Nasoma safu hii kila inapotoka na sikuwahi kudhani siku moja nitaandika mimi. Naomba mtaa wangu usitajwe, maana wahusika wote wanakaa hatua chache kutoka mlangoni kwangu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, naishi Mtwara mjini. Mbele ya nyumba nina genge. Lilianza 2021 kama meza moja ya mbao, sasa lina paa la makuti na benchi la wateja. Mboga za majani ni za kwangu mwenyewe. Mama mkwe alinipa kipande cha shamba bondeni, upande wa Naliendele, nina matuta 14 ya mchicha, matembele, majani ya kunde, bamia na nyanya chungu. Nyanya, vitunguu na viazi mviringo nafungasha sokoni, maana hivyo vinatoka Iringa na Njombe. Saa kumi alfajiri niko bondeni nakata mchicha kwa tochi ya simu, na saa kumi na mbili na nusu mboga ziko mezani bado zina umande. Mume wangu ni kibarua bandarini. Msimu wa korosho kazi ipo mpaka usiku, ukiisha anaweza kukaa wiki mbili bila kuitwa.

Tatizo langu ni daftari. Unajua mwenyewe huku kwetu, kuanzia mwezi wa tatu pesa ya korosho imekwisha majumbani, watu wanakula kwa ahadi. "Niandikie, nitakulipa korosho zikitoka." Nami naandika. Tarehe siweki, naweka jina na kiasi tu: Mama Zuhura 500, fundi cherehani 1,000, Mama Zuhura tena 700. Juzi mume wangu alikaa na kalamu akajumlisha kurasa zote. Zilifika shilingi 412,000. Mtaji alionipa nianzie ulikuwa 150,000. Alifunga daftari, hakusema neno. Asubuhi ndipo akasema, "Hili si genge, ni jiko la mtaa," akatoka.

Katika hizo, 96,000 ni za mtu mmoja. Ni bibi wa nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilipochezwa unyago, yeye ndiye alikuwa somo yangu, mlezi aliyenifunda. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama yangu akiwa Newala anauguza, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku 40. Na hata genge hili ni wazo lake. Alinifundisha kupanga mafungu, kufunika mboga kwa gunia lililoloweshwa, kutomchagulia mteja fungu bali kumwacha achague. Msimu uliopita korosho zilikuja zikaenda, hakunilipa hata shilingi. Siku hizi haji mwenyewe. Jua likizama anamtuma mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka saba hivi, na bakuli la bati. Mtoto anasema, "Bibi kasema umpe mboga." Hasemi umkopeshe, anasema umpe. Naona kama somo yangu ananidharau.

Wiki iliyopita nilimwona yule mtoto anakuja, nikaingia ndani. Nikamwambia binti yangu aseme mama hayupo. Nilikuwa nyuma ya pazia nachungulia. Mtoto hakuondoka. Alisimama anakwangua mchanga kwa kidole cha mguu, macho yako kwenye fungu moja la bamia lililobaki mezani. Kisha akageuza bakuli, akalivaa kichwani kama kofia, akaenda zake. Shangazi, usiku ule sikulala.

Sasa kuna mama mwenye mkahawa Shangani, hapahapa mjini, anataka mboga zangu zote za majani kila asubuhi, mafungu 40, kwa shilingi 300 fungu, pesa mkononi. Mimi gengeni nauza 500. Ila ukweli ni kwamba katika 40, ninayouza kwa pesa ni kama 18, yanayokopwa 12, na 10 yananyauka naishia kuwapa mbuzi. Mume wangu anasema nikubali kesho. Nikikubali, meza yangu itabaki na nyanya na vitunguu tu. Na upande wa pili wa barabara kuna kijana kafungua genge mwezi wa sita. Hakopeshi mtu, amebandika kibao "Kukopa harusi, kulipa matanga", na watu wananunua, wakiwemo walioko kwenye daftari langu. Inaniuma kuwaona.

Mtaji umekonda. Rafiki yangu ananishawishi nichukue mkopo wa kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, 200,000 tu, nizungushe.

Nifunge daftari? Nimdai somo yangu? Mboga niwape wa mkahawa, majirani niwaache? Mabibo yameanza kuonekana mikoroshoni, minada ya korosho iko karibu, nami sijui nisimame wapi.

Mama Genge, Mtwara

—

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yote.

Umenirudisha mbali. Nimekulia Lindi, mama yangu akichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, na kuiuza kando ya barabara, na daftari lake lilikuwa ukuta wa jikoni. Kila nyumba ilikuwa na sehemu yake ukutani, na kila deni mstari mmoja wa mkaa. Idd moja baba alipaka chokaa nyumba nzima na ukuta ule akaupitia bila kuuliza. Mama alilia. Halafu katika wiki zilizofuata watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, kulipa madeni ambayo hayakuwepo tena popote isipokuwa vichwani mwao. Baadhi ya wale aliowategemea zaidi hawakuja. Nakusimulia hili kwa sababu nimeliona daftari lako lisilo na tarehe, nikajiuliza kama unajua linasema nini.

Umeniuliza maswali matatu, nayo yote ni ya pesa: daftari, deni la bibi, mboga za mkahawa. Lakini usiku uliokosa usingizi haukuwa ule wa kujumlisha 412,000. Ni ule wa pazia. Kwa hiyo niruhusu nianzie hapo.

Umesema somo yako anakudharau kwa sababu anamtuma mtoto na mtoto anasema "umpe". Inawezekana. Lakini fikiria pia kwamba mtu mzima anayeona haya kuomba, mara nyingi hutuma mtoto. Mtoto haulizwi deni. Na ile saa ya jua kuzama, saa ambayo uso hauonekani vizuri barabarani, naiona ni saa ya mtu anayejificha kuliko mtu mwenye kiburi. Yeye yuko nyuma ya mjukuu, wewe uko nyuma ya pazia. Sijui kama ndivyo ilivyo, wewe ndiye unayemfahamu. Ila nakuuliza: mara ya mwisho kuingia nyumbani kwake, ukakaa, ukanywa hata maji, ilikuwa lini?

Nakuuliza na jingine, lijibu moyoni mwako tu. Bakuli la kwanza kabisa, alikuomba umkopeshe, au ulimpa tu kwa kuwa ni somo yako, na jina lake likaingia daftarini baadaye, mambo yalipoanza kubana? Maana kama yeye anahesabu siku 40 za maji ya moto, na wewe unahesabu mafungu, mtakuwa mnasoma madaftari mawili tofauti. Sisemi kukandwa kunafuta 96,000. Nasema huenda yeye hajui kwamba anadaiwa 96,000.

Na hizo korosho zilizokuja zikaenda, zilipita mkononi mwake? Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia, korosho zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, zinauzwa mnadani, na siku hizi malipo yanaingia akaunti ya benki. Wako wazee wasio na akaunti, fedha yao hupitia kwa mwana au mpwa, na ikifika nyumbani imeshakatwa mara mbili, tatu. Wako pia ambao mikorosho si yao tena, ni ya ukoo, mjomba ndiye anayeigawa. Simtetei. Ninachokuomba ni kwamba ujue kwanza.

Ukiamua kuzungumza naye, njia ziko zaidi ya moja. Unaweza kwenda mwenyewe asubuhi, bila daftari, ukamweleza hali yako badala ya deni lake: "Somo, genge linanielemea, nimekuja unipe mawazo." Yeye ndiye aliyekufundisha kupanga mafungu, ana haki ya kujua mafungu yamefikia wapi. Hatari yake ni kwamba anaweza kuumia, akaenda kukopa kwingine ili akulipe kwa hasira, au akakaa kimya ukarudi ulivyokwenda. Unaweza kumtuma mama mwingine mtu mzima anayeheshimiana naye. Hapo wewe unasitirika, lakini neno likipita kwenye vinywa viwili huku mtaani kwenu, kufika jioni ni kesi. Au unaweza kutosema lolote kuhusu yaliyopita, ukaamua kwamba kuanzia leo fungu moja kwa siku ni haki ya somo, halinunuliwi wala haliandikwi. Wanawake wengi wangefanya hilo na wakapumua. Ila lifanye mume wako akijua. Fungu la siri litakurudisha nyuma ya pazia, safari hii ukimficha yeye.

Sasa daftari. Unaogopa ukilifunga wateja watahamia kwa kijana wa ng'ambo. Mwanangu, barua yako inasema wameshahamia, na inasema ni walewale unaowadai. Jiweke kwenye nafasi ya Mama Zuhura. Unadaiwa 6,000, leo umepata 1,000. Ukienda kwa mama genge na hiyo 1,000 mkononi, ukanunua nyanya za mia tano bila kupunguza deni, utamtazamaje? Unavuka barabara. Kwa kijana huna historia. Kwa hiyo mkopo uliowapa ili wasikukimbie, ndio huenda unawapitisha mbali na meza yako siku wanayokuwa na pesa. Nilipolielewa hili kwa mara ya kwanza, nikimtazama mama, niliumia kwa ajili yake, maana alikuwa akiwaonea uchungu watu ambao walikuwa wakimwonea haya.

Hili halina maana kwamba ufunge. Ukifunga ghafla mwezi huu, wiki chache kabla ya minada, unaweza kumpa mtu kisingizio cha kukasirika na kutolipa kabisa. Lakini ukinyamaza mpaka korosho zilipwe, utakuta mikono mingine imeshatangulia. Kuna makato ya chama, kuna sare na madaftari ya shule Januari, kuna arusi na ngoma za watoto. Kumpitia mtu sasa na kumwambia kwa upole, "Jirani, kwangu umefikia elfu sita, nakuomba unipange kwenye hesabu yako," ni kumpa nafasi. Wapo watakaonuna. Wapo watakaokuambia wameshalipa, na hapo utajua thamani ya tarehe ambazo hukuziandika.

Kuna jambo moja zaidi la daftari ambalo ningependa ulitazame na mume wako, mkiwa mmekaa pamoja na si yeye peke yake na kalamu. Madeni yote mmeyajumlisha kama kitu kimoja, na si kitu kimoja. Mchicha uliokata mwenyewe, saa tisa alasiri umeshaanza kulala, ukimkopesha jirani umekopesha jasho lako na ndoo zako za maji. Ni kitu, lakini kesho alfajiri bondeni kuna mwingine, na huo ungekwenda kwa mbuzi. Kitunguu cha Iringa ulichofungasha kwa pesa, ukikikopesha umetoa noti mfukoni, na kesho huna noti ya kununulia kingine. Nashuku mtaji wako haukukondeshwa na mchicha. Unaweza kuamua vya bustani vikopeke kwa kiasi, vya kununua viwe pesa taslimu. Sikufichi ubaya wake: kuna watakaochukua majani kwako kwa daftari, na pesa ya nyanya wakaipeleka ng'ambo. Na siku ya kwanza kumwambia fundi cherehani "kitunguu hapana" itakuwa ngumu, maana ana miaka akizoea ndiyo.

Tuje kwa mama wa mkahawa. Mume wako usimwone mkali tu, hesabu iko upande wake. Mafungu 40 kwa 300 ni 12,000 kila asubuhi. Leo unauza 18 kwa 500, unapata 9,000 mkononi, na yaliyobaki ni ahadi na chakula cha mbuzi. Mtu anayekaa wiki mbili bila kuitwa bandarini, 12,000 ya uhakika anaisikia tofauti na unavyoisikia wewe. Nadhani lile neno la jiko la mtaa lilitoka kwenye hofu hiyo, ingawa lilikukata.

Lakini mkahawa ni mteja mmoja. Sasa ni kiangazi, mboga inataka maji na wenye maji ni wachache, ndiyo maana anakutafuta. Mvua zikianza, kuanzia Desemba mpaka Aprili, mchicha na mlenda huota hata uani kwa mtu, na hiyo 300 inaweza kuwa 200 au simu isiyopokelewa. Wakati huo majirani watakuwa wamezoea njia ya ng'ambo. Umewahi kumuuliza kama atakubali nusu? Mafungu 20 kwake ni 6,000. Yanayobaki 20, yale 18 ya wenye pesa ni 9,000. Jumla 15,000, mawili yamebaki, na mbuzi hawana chao. Kwenye karatasi inapendeza kuliko njia zote mbili. Kinachonisumbua ni wale 12 wanaokopa kila siku, ambao kwenye hesabu hii hawana fungu. Wewe unawajua kwa majina. Kati yao yupo anayekopa kwa mazoea na yupo ambaye mboga yako ndiyo chakula cha jioni cha watoto wake. Hao wawili siwezi kukupangia kutoka hapa. Na kama mama wa mkahawa atataka yote au asitake kabisa, basi jaribu kumwomba wiki mbili za kutazamana kabla hujafunga neno. Angalia kama pesa mkononi kweli inafika mkononi.

Kuhusu kausha damu nasema kwa woga wa wazi. Mikopo ile hurejeshwa kila siku au kila wiki. Wadeni wako wanalipa mara moja kwa mwaka. Ukiuweka mkopo wa namna hiyo juu ya daftari la namna hii, wewe ndiye utakayekuwa katikati, na nimesoma barua za wanawake waliouza masufuria. Kama mtaji hauna budi, pita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako uulizie mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Haina riba. Inataka kikundi, na kikundi kina shida zake, mmoja akikimbia mnabaki mnatazamana. Inataka pia subira, haitakusaidia kesho. Wala sijui kama mtaji mpya utakaa, wakati njia iliyoupitisha wa kwanza bado iko wazi.

Nimeandika mengi na bado hakuna nililokuamulia. Genge ni lako, somo ni wako, na mume ndiye utakayelala naye nyumba moja baada ya uamuzi wowote. Hivi, amewahi kusikia habari ya pazia? Ningekuwa wewe ningemwambia hiyo kabla ya kuzungumza hesabu. Anaweza kusema ulifanya sawa. Anaweza pia kunyamaza kama alivyonyamaza juzi, na safari hii ukajua ananyamazia nini.

Barua hii sijui utaisoma saa ngapi. Jua likizama yule mtoto anaweza akaja tena na bakuli lake, au asije, maana watoto nao hujua walipofichwa. Akija, toka usimame mezani wewe mwenyewe. Umpe bamia au usimpe, hilo utaona. Muulize tu bibi ameamkaje. Daftari na mkahawa vinaweza kungoja mpaka wiki ijayo.

Niandikie ukishatoka kwa somo yako.

Shangazi